Ndama kwenye Nguzo ya Mpaka

Hodan mjukuu wangu, salamu za Awowe, babu yako, zikufikie huko Texas. Huku Garissa tu wazima, alhamdulillahi. Nyanya yako bado anagombana na mbuzi.

Umesoma jinsi Marekani ya zamani ilivyopigana na Mexico ikasukuma mpaka, ukaniuliza wenyeji walijuaje wamebadilishiwa nchi.

Nikiwa kijana huko Mandera, nilifunga ndama wa ngamia kwenye nguzo mpya ya saruji ili nimkamue mama yake. Askari akafoka, "Huo ni mpaka! Ndama huyu ni wa nchi gani?"

Nikamwonyesha ngamia. "Ni wa huyu."

Akacheka, akaomba maziwa. Kwetu mgeni hanyimwi, nikampa. Alipomaliza kunywa, akaniambia kwa upole nisirudi tena kisimani kwetu, kwani sasa kiko ng'ambo ya mpaka.

Hapo ndipo nilipojua. Maji yake yalikuwa matamu, Hodan.