Kafi, si Jeneza

Mdogo wangu Konsolata,

Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu, ili ujue bado nahema. Hujambo? Goti lako linaendeleaje, na yule mjukuu amepona surua? Huku Brooklyn Park, Marekani, barafu imeyeyuka. Moyo wangu unakwenda kwa kusuasua, na daktari hazungumzii tena habari za miaka. Basi kabla sijaondoka nataka kuungama. Hiyo habari iliyokufikia Bukoba, kwamba nimepimwa jeneza nikiwa hai, si kweli. Rudisha masufuria ya jirani uliyoazima kwa ajili ya matanga.

Nilipimwa kafi.

Jirani yetu Dean, mzungu mstaafu, huchonga makafi ya mbao ya kuendeshea kayaki, vile vijitumbwi vyembamba vya huku. Nilimwambia nimekulia kando ya ziwa, nimefundisha jiografia ya maziwa yote ya Afrika, na sijapiga kafi hata siku moja kwa kuwa Mama alitukataza. Akasema kafi la jadi halichaguliwi kwa namba kama shati. Hupimwa mwilini: mikono yote miwili ikinyooshwa, kisha unaongeza kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Nikacheka. Pima moja na mkono mmoja! Ndivyo shangazi alivyokuwa akipima kaniki.

Nikisimama sana napata kizunguzungu, kwa hiyo nililala chali kwenye zulia gerejini kwake, mikono nimeitandaza, macho nimeyafumba kwa ukali wa taa. Dean akapiga magoti na uzi na penseli. Hapo akaingia Mama Furaha, Mkongomani wa kwaya yetu, amebeba bakuli la sombe, kisamvu chao.

"Yesu wangu! Banamupima papa angali muzima!"

Sombe yote chini. Kabla sijainuka, na kuinuka kwangu ni safari, alikuwa ameshaipigia simu kwaya nzima. Jioni walikuja na nyimbo, na kuku.

Sasa ungamo lenyewe. Ningeweza kusema ukweli, nikanyamaza. Unamjua binti yangu Adela, ni nesi. Hata bafuni hataki niingie peke yangu. Lakini jeneza alilivumilia. Alilia, akanishika mkono.

"Basi Baba, chagua mbao unayoipenda."

"Mwerezi, mwanangu. Ni mwepesi."

"Wepesi wa nini?"

"Nawahurumia wabebaji."

Kafi asingelivumilia hata dakika moja.

Wiki iliyopita, akifagia, alilikuta chini ya kitanda changu.

"Baba, mbona jeneza lenyewe jembamba?"

Nikamweleza yote. Akanikazia yale macho ya Mama, unayajua. Kisha akauliza, "Na unajuaje kama linakutosha?" Nikasema unalisimamisha, unanyoosha mkono juu, na vidole vinakunjika juu ya ncha yake. Akaniambia nijaribu. Bega likagoma, mkono ukaishia sikioni. Nilikuwa nimechongewa kafi la mwili ambao sinao tena.

Adela akalichukua, akanyoosha mkono wake. Vidole vikakunjika juu ya ncha sawasawa, kana kwamba Dean alimpima yeye. Akalipunga hewani mara mbili.

"Jumamosi sina zamu," akasema. "Lakini utavaa boya, utakaa mbele, na hutagusa kitu."

Dean alituazima kayaki ya watu wawili. Nilikaa mbele kama mkungu wa ndizi, boya limenifika masikioni. Maji yalipita chini yangu, Konsolata, ya baridi, karibu kabisa. Nyuma yangu Adela alipiga kafi huku akinigombeza njia nzima. Sijawahi kugombezwa nikafurahi hivyo.

Kafi sasa liko kwenye gari lake. Nimeliomba, amekataa kunirudishia. Nami sikuomba mara ya pili.

Nisalimie shemeji, mumeo. Nisalimie na mkunga aliyempokea Adela duniani. Katekista, ambaye nasikia ameshaandaa mahubiri ya mazishi yangu, mwambie ayahifadhi vizuri. Hayaozi.

Ni mimi kaka yako, ambaye jeneza lake bado halijapimwa,

Pastory