Jedwali la Saba na Jembe

Mjukuu wangu Masanja,

Marahaba. Unisamehe kwa kukaa kimya tangu masika. Barua yako niliisoma mara nyingi, nikakosa ujasiri wa kuijibu. Babu yako hajambo, na mpunga umetoka vizuri.

Unauliza kama wewe ni mjinga, kwa kuwa akili inakutoroka wakati wa hesabu na mwalimu anataka urudie darasa. Hata mimi ilinitoroka. Lakini shambani tulilima kwa ngoma ya bugobogobo, majembe yakishuka pamoja, nami kila jembe liliposhuka nilitaja jibu. Hivyo ndivyo nilivyolijua jedwali la saba lote.

Siku moja mwalimu aliniita mbele ya darasa nilitaje. Nikaanza kukanyaga chini kwa mdundo ule ule, na majibu yakaja.

"Acha kucheza! Simama wima!"

Nikasimama wima. Majibu yakaondoka yote.

"Mwalimu, mpe jembe!" Kulwa, mwanafunzi mwenzangu, akapaza sauti, na darasa zima likacheka.

Aibu ile ninayo hata leo. Nimefundisha Kiswahili mpaka nimestaafu, na baba yako hajui habari hii. Ili mwalimu wako akuruhusu kusimama na kutembea unapokokotoa, itanipasa nije Geita nimsimulie, baba yako akiwa ameketi hapo hapo akisikiliza. Ninaona haya, Masanja.

Kwa sasa, ukifanya hesabu nyumbani, usiizuie miguu yako. Nikishaamua kuja, nitakuandikia.

Bibi yako