Programu Niliyomchagulia Shangazi

Jumanne, alasiri. Joto la leo ni lile la kabla ya mvua: mawingu yanajikusanya upande wa Urambo, yanatutia moyo, kisha yanaghairi. Nimekaa uani najifanya natengeneza chaja ya mteja.

Najifanya, kwa sababu skrubu ileile nimeifungua na kuifunga mara tatu. Msicheke.

Tuanze na sifa zangu, zikibaki tumboni zitaoza. Hapa Kitete hakuna anayezijua programu za kusomea habari kunishinda mimi. Niliishia kidato cha pili, ndiyo, na hisabati hatukuwahi kusalimiana, lakini simu zinanitii. Nyinyi habari mnatupiwa kwenye magrupu kama kuku wanaotupiwa pumba, mnadonoa tu, hamjui nani karusha. Mimi natumia RSS. Unaitajia programu blogu na magazeti unayoyataka, yenyewe inakwenda kukuletea kila kipya, inakupangia sehemu moja. Wewe kazi yako kusoma. Kama unajua kusoma.

Shangazi akaniomba nimchagulie ya kwake. Shangazi ndiye aliyenilea. Naishi kwake, nakula kwake, na Jumapili hii ndiye anayekwenda Nzega kunipelekea posa kwa kina Mwajuma. Baba yangu hayupo duniani, na wazee waliobaki wa ukoo wakisikia jina langu wanaanza kukohoa. Bila shangazi sina mtu wa kunisemea, na bila wa kunisemea sina Mwajuma.

Nikazijaribu programu kadhaa. Moja ukitaka bei ya tumbaku unakutana kwanza na dawa ya kukuza nywele. Nyingine inajifanya mjuaji, inakuamulia cha kusoma, na shangazi kuamuliwa hataki. Kulikuwa na moja nzuri mno kwa sura, lakini mtandao ukikatika inakuwa tofali. Nikamwekea ile inayopakua kila kitu mapema bando likiwepo, ili akienda shambani kwa mdogo wake, huko ndani ya Usoke ambako mtandao unaupata ukisimama juu ya kichuguu, asome vilevile. Ina pia pa kuhifadhi vya kusoma baadaye. Halafu, kwa kuwa macho yake yamechoka na miwani anaionea aibu, inasoma kwa sauti. Ikimaliza habari moja inaingia nyingine bila kuuliza. Kiswahili chake ni cha mtu aliyebanwa pua, lakini inasoma.

Nikamwekea habari za tumbaku, za afya, na mawaidha. Na blogu hii. Nani anakataa msomaji?

Wiki iliyopita alinifokea mbele ya Mwajuma, eti suruali yangu inateremka kama pazia la msibani. Nikaingia ndani nikaandika. Sijawahi kuandika vizuri vile. Kwamba wigi lake ni paka aliyegongwa barabara ya Nzega. Kwamba akiimba kasida, kuku wanataga kabla ya siku zao. Na kwamba mume wake, yule aliyepanda treni ya Kigoma asirudi, hakumfuata mwanamke kama watu wanavyosema. Alikimbia kelele.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Asubuhi nikaifuta. Si kwa huruma, tusidanganyane. Niliikumbuka posa.

Niliifuta kwenye blogu. Mimi, bingwa wa simu, nikasahau kwamba kilichokwisha kupakuliwa kimepakuliwa. Simu yake ilishaimeza, na siku hiyohiyo ikapanda nayo treni kwenda Usoke.

Leo nimempokea stesheni. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, baba." Huniita baba akiwa na furaha sana, au akiwa anamwendea kuku na kisu.

Akapika ugali na mlenda wa karanga. Akanisimulia huku anakula. Walikuwa bani, kwenye banda la kukaushia tumbaku, wanawake watupu, wanachambua majani, simu kaitundika kwenye msumari inawasomea bei. Bei zikaisha. Ile sauti ya pua ikaendelea: wigi la shangazi yangu.

"Wakacheka?" nikauliza. Mjinga mimi.

"La wigi walicheka. Na mimi nilicheka. La kasida walicheka mpaka majani yakawaanguka." Akamega tonge. "La tatu hawakucheka."

Kisha, kwa upole kabisa: "Kwa hiyo alikimbia kelele?"

Nikatazama mlenda.

"Maana mimi alichokikimbia sikijui, baba. Miaka yote hii sikijui. Wewe umekijua lini?"



Nilingoja kofi. Angenipiga ningeshukuru. Badala yake akanisogezea simu. "Nionyeshe pa kuhifadhi vya kusoma baadaye." Nikamwonyesha. "Bonyeza wewe, mimi vidole vina mlenda." Nikabonyeza. Ile ya wigi nimeihifadhi kwa kidole changu mwenyewe. Akataka folda, nikamuuliza tuiite nani.

"Nzega."

Akanawa mikono taratibu. "Na hii sauti yake, sebule ikijaa wakwe, wa nyuma watasikia?"

"Watasikia, shangazi."

"Basi umenichagulia vizuri."

Sasa ameingia kuoga. Simu ameiacha mezani, wazi, na namjua, hasahau kitu. Nimeichukua. Kufuta ni kugusa mara moja tu. Lakini nimeona kingine: tumbaku ameiondoa, afya ameiondoa, mpaka mawaidha. Imebaki blogu hii peke yake. Na mtu huyo anajifanya hajui kubonyeza!

Nimeirudisha mezani ilivyokuwa.

Kwa hiyo najua mashine inakusomea na hii, shangazi. Lile la mume wako nililitunga. Sijui alikimbia nini, na nilikuchoma nalo kwa sababu nilijua ndipo panapouma. La wigi silirudishi, ni paka.

Hii nayo ukiitia kwenye folda ya Nzega itasomwa kwanza, kwa kuwa ni mpya. Ikiisha, ile nyingine itaingia yenyewe bila kuuliza. Kitufe cha kusimamisha kiko chini, katikati. Nilikuonyesha.

Shikamoo.