Mtani Niliyemwacha Kongo

Jumanne, 10 Juni 2025

Puge. Siku ya tatu ya likizo, baada ya mwaka mzima wa jeshi Kongo. Nimepokewa kama mshindi! Baba mdogo Zablon amechinja mbuzi — mbuzi wa mama, si wake. Akaniuliza mbele za watu nimeua wangapi. Nikamwambia mbu tu, na hao nao walinizidi idadi. Wote wakacheka isipokuwa yeye. Anataka vita ya kwenda kusimulia kilabuni.

Nimwambie nini? Kwamba hatukushinda wala hatukushindwa, tuliambiwa tufunge mabegi? Kwamba waasi waliokuwa wakitupiga ndio waliotufungulia kizuizi tupite, na mmoja akatupungia mkono? Vita iko palepale. Tulioondoka ni sisi.

Mama anasema nimekonda. Ananijaza michembe, viazi vyetu vya kukaushwa, kutwa.

Jumatano, 11 Juni

Ambrosi ametuma ujumbe wa sauti. Alikuwa mkalimani wetu kule — Mkongo, mrefu, mwoga wa mvua, mwizi kwenye karata. Mwaka mzima alitembea nasi, akitusemea kwa wazee wa vijijini wasiojua Kiswahili. Sasa waasi ndio wenye mji, na wanamjua kwa sura. Shefu ndiye mimi; kwao ni mkubwa.

"Shefu, wamekuya ku nyumba mara mbili. Wanauliza mutu wa Watanzania iko wapi."

Nyuma yake jogoo anawika kama vile hakuna jambo. Nimemjibu: vumilia. Ushauri wa mtu aliyeshiba.

Ijumaa, 13 Juni

Ujumbe mwingine. Nimeusikiliza chooni, maana ndipo pekee Zablon hupiga hodi. Ambrosi amevuka ziwa! Yuko Kigoma na mama yake. Hawajajiandikisha popote, kambi ya wakimbizi hawaitaki.

"Minakuya kwako, Shefu, kama vile ulisema. Tutapanda treni ya Jumatatu, mpaka Tabora. Mama anabeba kitenge ya mama yako. Unisalimie Levina."

Levina! Nimeusikiliza mara ya pili.

Niandike ukweli, hapa hanisomi mtu. Mnyamwezi bila mtani halali vizuri. Babu zetu walibeba mizigo mpaka Ujiji na ng'ambo, na kila walipolala waliacha mtani — mtu wa kumtukana bila kesi. Basi nikamfanya Ambrosi mtani wangu. Nilimwambia akifa nitauza maiti yake. Nikiona chakula chake, nakila. Na siku ile ya mabegi, alipokuwa akilia waziwazi mbele ya kikosi kizima, nikasema: "Acha kulia, mtani. Njoo Puge, nakupa ekari mbili, na dada yangu Levina nakuoza bure, hana meno."

Kwetu mtu angejibu tusi kubwa zaidi, tukacheka, tukaagana. Yeye alinishika mikono yote miwili akasema asante.

Sikumsahihisha, nikapanda lori. Lori lilikuwa linanguruma, nami nilikuwa na aibu, na utani ndio uliokuwa karibu. Sikuwahi kumuuliza kama kwao wana mchezo huu. Hawana.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Misa ya shukrani kwa ajili yangu. Padri ameiombea Kongo amani, dakika moja. Matangazo ya bei ya pamba, dakika kumi.

Nimemweleza Levina yote. Ni dada yangu mkubwa, mjane, anauza vitenge stendi ya Nzega. Meno anayo thelathini na mawili, na leo ameyaonyesha yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza: yaani umeniozesha ukiwa juu ya lori? Halafu akauliza kama wana blanketi.

Anasema nimwambie Ambrosi ukweli kabla hajapanda treni. Nimempigia mara nne. Hapatikani.

Mimi ni koplo. Nikikutwa nimemweka mgeni asiye na karatasi, cheo kwaheri, pengine na kazi. Nikiwapeleka kambini, nitakuwa nimewatupa mara ya pili. Ya kwanza niliamriwa. Hii ingekuwa yangu mwenyewe.

Jumatatu, 16 Juni

Hapatikani. Zablon anasimulia kilabuni kwamba niliteka kifaru. Simkanushi, sina nguvu.

Jumanne, 17 Juni

Tabora, stesheni. Treni imechelewa saa sita, jambo la kawaida, mimi nikizunguka na hotuba yangu kichwani. Kisha akashuka — kwa suti! Suti ya kahawia, mikono inamwishia karibu na kiwiko. Nyuma yake mama yake, mdogo kama mtoto wa darasa la nne, na kuku hai kwapani.

Nikafungua mdomo: Ambrosi, yale yalikuwa... Akaniwahi. "Mama, ni huyu. Nilikuambia, huyu ni mutu wa neno."

Mama wa watu akapiga magoti pale kwenye kokoto. Mzee wa rika la mama yangu! Nimemwinua, nimechukua kuku, tumepanda basi la Nzega. Hotuba imebaki stesheni. Mjinga mimi.

Alhamisi, 19 Juni

Mama zetu wawili wanaelewana kuliko mimi na wangu. Tangu jana wanamenya viazi pamoja. Kuku hajachinjwa, ni wa posa.

Leo saa tisa Levina amefika kutoka Nzega. Hakukaa hata kitini. "Mchumba wa uongo, karibu," akamwambia Ambrosi. "Huyu mdogo wangu ni mpumbavu. Alikutania. Siolewi, na hizo ekari mbili ni za mama. Lakini kula utakula." Blanketi alizileta, mbili.

Ambrosi hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama mimi, si Levina.

"Sawa, Shefu. Ile ya Levina ilikuwa utani. Na ile ya kusema hamutatuacha? Miye ndiye niliambia batu kwa mudomo yangu. Nayo ilikuwa utani?"

Ni kweli. Kila mkutano wa kijiji tulisema hivyo, na yeye ndiye aliyetafsiri. Watu walipiga makofi. Wengine waliacha kufungasha, wakarudi majumbani kwao.

Sijajibu, maana hodi ikapigwa. Mwenyekiti wa kitongoji na daftari lake la wageni! Zablon ametangaza kilabuni kwamba nimeleta mateka wa vita, na mwenyekiti amekuja kumwona mateka kabla polisi hawajasikia. Kamkuta kwa suti, anamsaidia mama kumenya viazi.

"Koplo," kasema, "huyu ni nani wako? Niandike nini?"

Mama kanituma ndani nikalete kiti. Nimekipata zamani. Nakiegemea na kuandika haya. Nje nasikia visu kwenye viazi. Wanaosubiri jibu langu ni wawili, Ambrosi na mwenyekiti, na swali la mwenyekiti ndilo jepesi. Mama ananiita mara ya pili. Nakiinua kiti.