Kaloki Ameingiza Mkono kwa Shimo

Makau, ndugu yako Kaloki ameumwa na nyoka. Kifutu! Tulikuwa tunawinda sungura nyuma ya mtaa wa Kiandutu, mbwa akabweka kwa shimo, Kaloki akaingiza mkono kumvuta sungura, vile tumefanya tangu utoto.

Mkono umefura kama mguu wa ng'ombe.

Tuko zahanati. Daktari anasema dawa ya nyoka haiko. Haiko! "Mzee, ngoja ambulensi itoke Ruiru." Mwaka jana nilingoja hiyo ambulensi na mke wangu Wamboi, nikarudi nyumbani na leso yake tu. Hawa wakubwa wanajua kuomba kura pekee.

Kaloki ananiuliza, "Muriithi, imefika?"

Nimemwambia naisikia ikija.

Makau, hakuna kitu nasikia.