Mkusanyiko Uliokatwa Majina

Bukavu, Jumapili

Dada Nsimire,

Huku tunapumua, mvua ipo. Unauliza kama ununue mkusanyiko wa nyimbo bora za Muhigirwa. Usinunue! Ni wizi uliopakwa marashi. Gitaa wamezisafisha, lakini wamekata mabanga yote, yale majina ya marafiki aliyoyaita katikati ya wimbo, eti yanawachosha wasikilizaji wa Ulaya.

Jina la mdogo wetu Gracien lilikuwa humo, katika wimbo mmoja. Tangu wenye bunduki wamchukue kule kijijini Miti, hakuna ofisi inayokubali kulitamka, na kaseti yetu ya wimbo huo iliporwa pamoja na redio. Mama aliusikiliza wimbo huo kwenye mkusanyiko nilionunua, mpaka mwisho, akaniambia, "Anzisha tena, papa, mwanangu. Pengine nilisinzia."

Nikauanzisha tena.

Kaka yako,
Barthélemy