Kabla Taya Halijafunga

Wodi ya Wanawake, hospitali ya mjini,
Nuku'alofa.
Jumapili, baada ya ibada.

Mdogo wangu Manase,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wifi yangu Kalo na watoto wote. Natumai barua hii inawakuta wazima, paa la jikoni mmeshaliezeka, na ule mguu wa Kalo umepoa. Ukiniuliza mimi hali yangu, ningependa kukujibu kama watu wanavyojibu kwenye barua, kwamba huku ni wazima na hofu ni kwenu tu. Lakini mimi si mzima, Manase, na ndiyo sababu nimeomba karatasi.

Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Miaka yote hii tukitaka kuambiana neno linapita kwa Kalo, au kwa mume wangu Feleti, au kwa mtoto yeyote anayekatiza uani. Ndivyo tulivyolelewa. Tangu marehemu baba alipokuhamishia kibanda cha wavulana, mimi na wewe hatujakaa mkeka mmoja wala kutazama sinema moja, na mambo ya mwili hayatajwi tukiwapo sote wawili. Mtu akianza mzaha wa chumbani na wewe upo, mimi najikusanya naondoka. Nikiingia mimi, unaondoka wewe. Na nilijivunia, usifikiri sikujivunia. Watu walisema hakuna mwanamume kisiwani anayemheshimu dada yake kama Manase. Basi leo nitautaja mwili wangu kwako, na unisamehe. Ukiona haya, kaisome nyuma ya zahanati peke yako, lakini isome yote.

Unakumbuka baada ya Pasaka mama mchungaji aliposimama kanisani kutangaza mashindano ya kupunguza uzito. Alisema wanawake wa kisiwa chetu wakienda mkutano mkuu wa kanisa hivi walivyo, watawavunjia wenyeji viti. Watu walicheka, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, maana safu yetu yote mnene kuliko wenzake nilikuwa mimi, na kicheko changu unakijua, kinasikika mpaka gatini. Wakatupima kwa mizani ya zahanati, nesi anataja kilo kwa sauti kubwa utadhani ananadi nguruwe. Zamu yangu ilipokaribia ulitoka ukaenda kusimama kule kwenye tangi la maji mpaka nikamaliza. Nilikuona. Nikasema moyoni, Mungu ambariki mdogo wangu.

Ila mimi sikuwa kwenye mashindano yoyote. Kabla hata ya Pasaka jino langu la nyuma, la chini kushoto, lilikuwa limeanza kucheza, na ufizi pembeni yake umetoa kidonda kisichotaka kufunga. Nilisukutua kwa maji ya chumvi, nikabandika majani, nikameza panadoli za dukani kama njugu. Nikahamia kutafunia upande wa kulia. Kidogo kidogo hata huko kukawa hakutafuniki, taya zima linawaka. Nikaacha viazi vikuu, nikaacha nyama, nikaacha shelisheli la kuchoma ambalo wewe mwenyewe unajua nilivyolipenda. Nikabaki na uji na nyama laini ya dafu. Mchana nikisikia njaa najiambia nitakula jioni, na jioni ikifika naitazama sahani naiogopa.

Uzito ukashuka, we acha tu. Kila wiki nikipanda mizani wanapiga makofi. Mkeka wa marehemu mama, ule wa kujifunga kiunoni siku za heshima, ambao kwangu ulikuwa unagusana ncha kwa shida, nikawa nauzungusha na unabaki. Wenzangu wakaanza kunifuata nyumbani. Shoga, tupe hiyo dawa, usiwe mchoyo. Haya mwenzetu, unataka kuolewa upya nini? Niliwaambia silali na chakula tumboni, basi. Nilipenda kusifiwa, Manase. Nimekuwa mnene tangu usichana, nimetaniwa mpaka nikazoea, na sasa watu wananitazama nikipita. Mtu anaumwa na huku anasifiwa. Ulimi unakuwa mzito kusema anaumwa.

Feleti peke yake ndiye ambaye hakupiga makofi. Kwanza alilalamika kwamba watu watasema hamlishi mkewe. Kisha akanikuta nimeinama kisimani natema damu, akaniambia niende kwa Manase leo hii. Alipomaliza kusema akashika kamba ya kisima akaanza kuteka maji. Alijua amesema nini. Mtu wa meno kisiwa kizima ni mmoja, kiti ni kimoja, na mikono inayoingia kinywani mwa mgonjwa ni yako. Nani atakaa pale, aegemeze kichwa, akupanulie mdomo, na wewe umwinamie usoni? Kichwa cha dada hakiguswi. Na dada zako si mimi tu. Kwa hesabu yetu, binti za mashangazi na za baba wadogo wote ni dada zako. Nusu ya wanawake wa kisiwa hawawezi kukaa kwenye kile kiti. Ulipopata stashahada yako tuliua nguruwe, tukacheza ngoma, tukalia kwa furaha, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria meno yetu sisi yatatazamwa na nani.

Feleti akasema basi nipande meli nije mjini. Nikamwambia tumalize kwanza kuvuna viazi. Kisha nikasema mkutano mkuu upite. Sababu hazikuniishia.

Kuna siku moja hapa katikati naiacha kwa sasa. Nitaifikia.

Siku ya kutoa zawadi ulikuwepo. Nilishinda, wakanipa viatu vya kukimbilia, vyeupe, na mimi hapo kutoka mlango wa kanisa mpaka madhabahuni nimefika nikihema. Ukasimama kuzungumza kama mtu wa afya. Hukunitaja jina. Ulisema dada mmoja wa kanisa hili ametuonyesha njia, kwamba mtu akiacha sukari na mafuta mwili unanyooka, na hata meno yanapata nafuu. Ulisema hivyo macho yako yako sakafuni. Vigelegele vikapigwa. Mimi nimekaa na kipepeo changu cha ukindu shavuni, napepea kama mwenye joto, kumbe naficha uvimbe. Ungeinua macho mara moja, wewe uliyesomea vinywa vya watu, ungejua palepale. Lakini hukuinua. Na kusema kweli, ungeinua, ningesema umenivunjia heshima mbele za watu.

Kwenye karamu siku ileile nilijaribu kipande cha nyama, laini kabisa, kimeiva kwenye shimo la mawe ya moto usiku kucha. Jino likatoka lenyewe na kile kipande, halikuuma hata kidogo, kama kokwa la tunda lililoiva. Nikalifunga kwenye leso nikaendelea kutabasamu mdomo umefumbwa. Damu haikukata. Feleti hakuniuliza tena. Meli ilipokuja alinibeba mgongoni mpaka ndani, na alinibeba bila shida, akalia njia nzima kwa jinsi nilivyokuwa mwepesi.

Daktari hapa ni mwanamke mgeni, mpole, haelewi mambo yetu. Aliniangalia kinywani muda mrefu, wakakata kinyama wakakipeleka kupimwa. Majibu yaliporudi alikaa kitandani pangu akanishika mkono. Ni saratani, Manase. Ilianzia kwenye ufizi, ikaingia kwenye mfupa wa taya, na sasa iko shingoni. Nilimuuliza habari ya kupelekwa ng'ambo. Akasema angenipeleka kama ningekuja mapema, ile ya mwanzoni huwa wanaikata na mtu anaishi, lakini hii sasa imeshapita pa kukatwa. Akauliza kwetu hakuna mtu wa meno? Nikamjibu yupo, tena hodari. Akauliza mbona sikwenda. Nikasema ni mdogo wangu. Akafurahi, akasema sasa hapo si ndiyo rahisi zaidi? Nesi aliyekuwa nyuma yake ni mtu wa kwetu. Aliinama akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Hebu niambie wewe, ungeanzia wapi kumweleza?

Sasa ile siku niliyoiruka. Ni ile asubuhi ambayo daktari wa meno wa kike alitangazwa anakuja na boti kutoka mjini. Nilijikaza, nikaoga, nikajitia mafuta, nikaja zahanati nikakaa kwenye benchi pamoja na wanawake wengine, dada zako watupu, kila mmoja ameshika shavu lake. Nilikuwa nimebeba kikapu cha viazi nilivyopitia shambani. Tukangoja. Halafu habari zikaja kwamba boti haikutoka kwa sababu ya bahari, na wenzangu wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nilibaki. Sijui nilikuwa nangoja nini. Taya liliniuma siku hiyo mpaka nikaona heri aibu.

Mlango ukafunguka, wewe ukatoka umevaa glavu, ukasema anayefuata. Ukaniona. Tuliangaliana, Manase, kitambo kidogo tu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufungua mdomo nikuambie. Ukainamisha kichwa, ukarudi ndani, ukatokea mlango wa nyuma kama ulivyofundishwa. Nesi akaja kuniuliza nimemletea Manase chakula? Nikasema ndiyo. Nikamkabidhi kikapu nikaenda zangu nyumbani. Jioni Kalo alikuja kuniambia umeshukuru sana, kwamba viazi vilikuwa vitamu, na dada yako hana mfano kwa ukarimu.

Sikukuletea chakula siku ile, mdogo wangu. Nilikuja kutibiwa.

Sikuandikii ili ujiue kwa mawazo. Ulifanya kila ulichofunzwa na mimi nilifanya kila nilichofunzwa, tukafanya vizuri kuliko watu wote. Lakini nina hasira. Nimelala hapa nimekonda mifupa mitupu na nina hasira na mwiko, na mama mchungaji na mizani yake, na mimi mwenyewe, na wewe pia kidogo. Nakwambia kweli kwa sababu sina tena muda wa kukuficha.

Na kuna jambo ambalo hulijui, maana wewe ulikuwa mchanga na mama hakuwahi kulisimulia. Ulipozaliwa mama aliugua, maziwa yakamkauka. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, ukawekwa mapajani pangu. Magimbi yako ya kwanza niliyatafuna mimi, nikakutilia mdomoni kutoka mdomoni mwangu, asubuhi, mchana na jioni, mpaka ukaota meno yako. Ulikuwa unanishika midomo kwa vidole vyako unadai zaidi. Kinywa hiki unachokihofu umeshakula kutoka humo. Siku hizo hakuna aliyesema ni mwiko.

Daktari anasema taya linajifunga. Leo asubuhi limefunguka kiasi cha vidole viwili, juzi vilikuwa vitatu. Siku si nyingi litafunga kabisa, na baada ya hapo najua yatakayofuata. Mtanirudisha nyumbani, nitalazwa juu ya mikeka, wanawake watanizunguka, na wewe kama desturi utakaa nje na kuni na moshi ukiwapikia waombolezaji, hutaingia chumba alicholazwa dada yako. Kwa hiyo mazishini hutaniona. Nakuomba unione sasa.

Sitaki uje kunitibu, hayo yamepita. Nataka uje ukae kwenye kiti hapa kando ya kitanda, mbele ya Feleti na nesi wa kwetu, uinue uso wangu kwa mikono yako, uangalie ndani, mpaka mwisho. Uione ilivyo. Kisha urudi nyumbani ukawakalishe wale wanawake wa benchi kwenye kiti chako, mmoja baada ya mwingine, hata wakilia, hata wakikutukana. Wakikuambia ni mwiko, waambie Vaimoana ndiye dada mkubwa, na ameruhusu. Hilo ninaweza kukupa, maana kwa desturi yetu neno la dada mkubwa halibishwi.

Nisalimie Kalo, mwambie viatu vyeupe viko kwenye kasha langu, ni vyake, mguu ukipoa avae. Wasalimie watoto, na binti yako mdogo mbusu kichwani kwa niaba yangu. Mwambie mama mchungaji namsalimu pia, na ile mizani airudishe zahanati. Feleti anakusalimu, yuko hapa chini ya kitanda amelala, maskini, hakuwa amepata usingizi tangu juzi.

Meli itakayokuletea barua hii inaondoka huko Jumatano kurudi mjini. Panda hiyo, usingoje nyingine. Na ukija usije na viazi wala mkeka wala kitu chochote cha heshima. Njoo na glavu zako, na kile kioo kidogo, na taa.

Dada yako,
Vaimoana